Wasomaji Wanauliza: Mashine ya kufyonza kidonda, imepimwaje na inamsaidia nani?

Katika toleo lililopita tuliandika kuhusu mishono inayoachia baada ya upasuaji, na tukaitaja kwa sentensi moja tu ile mashine ndogo yenye mpira na sponji inayofyonza majimaji ya kidonda. Barua nyingi zimetufikia kuhusu sentensi hiyo. Hizi hapa sita, nyingine zimefupishwa. Zinajibiwa na jopo letu la nesi wa vidonda, daktari wa upasuaji na mtakwimu wa majaribio ya tiba.

Mama alipasuliwa tumbo, mshono ukaachia na usaha ukatoka. Daktari amesema kidonda kiachwe wazi kijae kutoka chini, na kila siku anafungwa gozi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ana mashine inayofyonza. Je, sisi tumenyimwa tiba bora? – Binti anayeuguza

Pole kwa kuuguza, na mfikishie mama pole zetu. Hapana, hamjanyimwa, ila kuna swali muhimu kuliko la mashine. Muulize daktari: ule ukuta mgumu wa tumbo ulio chini ya ngozi na mafuta bado umeshikana? Ukiwa umeshikana, kilichoachia ni ngozi na mafuta tu, na kuacha wazi ni uamuzi sahihi, kwa kuwa kushona juu ya usaha ni kuufungia ndani. Ukiwa umeachia, hilo ni jambo la chumba cha upasuaji, na mashine haiwezi kuwa jibu lake. Dalili mojawapo ni majimaji mengi mepesi ya rangi ya waridi yanayochuruzika ghafla. Mkiyaona, msingoje raundi ya asubuhi.

Mashine yenyewe hufanya kazi hivi. Sponji hukatwa kwa umbo la kidonda, hufunikwa na nailoni nyembamba inayonata, kisha mpira huunganishwa na pampu inayovuta hewa hadi milimita 125 za zebaki chini ya kiwango cha hewa inayotuzunguka. Hilo ndilo huitwa shinikizo hasi. Kingo za kidonda husogeleana, majimaji huondoka, uvimbe hupungua, na nyama changa nyekundu huota. Kipimo cha 125 kilitokana na majaribio ya wanyama ya Morykwas, Argenta na wenzao yaliyochapishwa mwaka 1997: hapo mtiririko wa damu pembeni ya kidonda ulipanda karibu mara nne, na walipofika 400 ukazuilika. Kwa hiyo kuvuta kwa nguvu zaidi si kuponya zaidi.

Kwa kidonda kama cha mama yako, jaribio lililo karibu zaidi ni SAWHI, lililofanyika Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 507 wenye vidonda vya tumbo vilivyoachia walifuatiliwa kwa siku 42. Upande wa mashine vidonda vilivyofunga ni asilimia 35.9, upande wa bandeji za kawaida asilimia 21.5. Hapo mashine ilishinda. Lakini matukio mabaya yanayohusu kidonda yalikuwa mengi zaidi kwa waliokuwa na mashine, na tazama tena ile asilimia: hata kwa mashine, karibu wawili katika kila watatu walifika siku ya 42 kidonda kikiwa bado wazi.

Ushauri wetu: hesabuni bandeji. Kama zinalowa chapachapa mara mbili tatu kwa siku, ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe na laini kwa kulowa, na mama halali kwa maumivu na harufu, kuna sababu nzuri ya kuiombea mashine. Kama kidonda ni kifupi, hakina kina, na bandeji moja inamaliza siku ikiwa karibu kavu, mashine itamfunga mama kwenye mpira bila faida kubwa.

Kengele ya kuvuja inalia usiku kucha. Tunabandika nailoni juu ya nailoni na bado inalia. Tatizo ni pampu? – Nesi, wodi ya upasuaji

Mara nyingi pampu haina kosa. Hewa inaingia pale nailoni iliposhindwa kushika ngozi: kwenye mkunjo wa kinena, kisiginoni, katikati ya vidole vya mguu, karibu na njia ya haja kubwa, au pale mpira unapoingilia. Kabla ya kubandika kitu, tafuta mahali penyewe. Bonyeza kingo za nailoni kwa kiganja, sehemu baada ya sehemu, na usikilize. Pale sauti inapobadilika ndipo penye tundu. Wodi ikiwa na kelele, pitisha stethoskopu juu ya nailoni, utausikia mluzi. Ziba hapo tu kwa kipande kidogo. Kurundika tabaka nyingi kunazuia unyevu wa ngozi kutoka, jasho linakusanyika chini, na baada ya saa chache kila kitu kinabanduka pamoja.

Kama kengele inarudi kila zamu, kosa lilifanyika wakati wa kufunga. Mpe mgonjwa dawa ya maumivu nusu saa kabla. Zima pampu, tia maji ya chumvi kwenye sponji kupitia mpira, subiri dakika 15 hadi 30, kisha ndipo uvute. Sponji iliyokauka huondoka na nyama changa. Hesabu vipande vilivyotoka na ulinganishe na idadi iliyoandikwa juu ya nailoni na kwenye faili. Pungufu ya kimoja, usifunge mpaka kipatikane. Kipande kilichosahaulika ndani hufanya usaha usiokwisha, na kwenye picha ya eksirei ya kawaida unaweza usikione kabisa.

Osha kidonda, kagua. Ukiona gamba jeusi au nyama mfu iliyotanda, usiweke sponji juu yake. Mwite daktari aiondoe kwanza. Ngozi ya kuzunguka isafishwe mafuta na losheni, nywele zipunguzwe kwa mkasi, ikaushwe kabisa, kisha ipakwe utando wa kinga na uachwe ukauke. Hatua hii ya kukausha ndiyo inayorukwa na watu wengi wenye haraka, nayo ndiyo mama wa kengele zote.

Kata sponji mbali na kidonda na uipukute, chembe zake zisidondokee ndani. Iweke bila kuishindilia. Ijaze nafasi na izidi usawa wa ngozi kidogo tu. Isiguse ngozi nzima, italika. Kwenye kishimo kinachopenya chini ya ngozi tumia sponji nyeupe iliyo ngumu zaidi, ncha yake ionekane kwa nje. Nailoni ipite ukingo wa kidonda kwa sentimita 3 hadi 5, na ilazwe bila kuvutwa, kwani ikivutwa inachuna ngozi na kuleta malengelenge. Toboa tundu la duara lenye upana wa kama sentimita 2 na nusu. Usichane mstari, kwa sababu mstari hujifunga wenyewe pampu ikivuta. Weka kichwa cha mpira, washa. Ndani ya dakika moja sponji inywee na kukunjamana kama zabibu kavu, na ikae hivyo.

Kuna hatari nyingine iliyo kimya kuliko kuvuja, nayo ni kuziba. Damu nzito au mpira uliopindika chini ya paja huzuia mvuto usifike kwenye kidonda. Kwenye baadhi ya pampu kioo kitaendelea kusoma 125 huku sponji imevimba na kulainika, maana pampu inapima shinikizo la upande wake wa mpira. Kwa hiyo kila zamu shika sponji kwa kidole kabla ya kuamini namba.

Mvuto ukikatika kwa zaidi ya saa mbili, ondoa sponji yote, osha, funga gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Majimaji ya uvuguvugu yaliyofungiwa chini ya nailoni bila kufyonzwa ni shamba la vijidudu. Kwa kawaida sponji hubadilishwa kila saa 48 hadi 72. Kidonda chenye maambukizi hukaguliwa mapema zaidi. Ukiiacha siku nyingi, nyama inaota ndani ya vitundu vyake na siku ya kuivua mgonjwa atavuja damu.

Utafiti wa Marekani wa 2005 unasema mashine inaponya miguu ya wagonjwa wa kisukari upesi. Wa Uingereza wa 2025 unasema haina tofauti. Nimwamini yupi? – Daktari wa mafunzo kazini

Amini zote mbili kwa kile hasa zilichopima, kisha uangalie zilipopishana.

Ule wa 2005 ulikuwa na wagonjwa 162 wa kisukari waliokatwa sehemu ya mguu. Kwa muda wa wiki 16, asilimia 56 upande wa mashine walipona, dhidi ya asilimia 39 ya waliofungwa bandeji. Ulifadhiliwa na mtengenezaji wa mashine. Ufadhili peke yake haubatilishi matokeo, ila unatosha kumfanya msomaji aangalie kwa makini nani aliamua kidonda kimepona na kama alijua mgonjwa yuko kundi gani.

Mwaka 2015 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha matokeo ya tafiti za tiba, walikusanya majaribio yote ya kugawanya wagonjwa kwa bahati nasibu kuhusu vidonda vya upasuaji vilivyoachwa wazi vijae vyenyewe. Waliyoyapata ni mawili, yenye watu 69 kwa jumla. Mashine ilikuwa tayari imeenea katika hospitali za nchi tajiri, na ushahidi wenyewe haujai basi moja. Pengo hilo ndilo lililozaa jaribio la SWHSI-2 nchini Uingereza, lililochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2025. Watu 686 waligawanywa, wengi wao wakiwa na vidonda vya mguu na kisukari, wakafuatiliwa mwaka mzima. Nusu ya vidonda vya kundi la mashine vilikuwa vimepona kufikia siku ya 187, na vya kundi la kawaida siku ya 195. Uwiano wa kasi ya kupona ulikuwa 1.08, na mipaka yake ya uhakika ni 0.88 hadi 1.32.

Isome mipaka hiyo kabla ya kusema "haina tofauti". Kuanzia 0.88 hadi 1.32 maana yake ni kwamba mashine ingeweza kuchelewesha kupona kidogo, au kukuharakisha kwa karibu theluthi. Utafiti haukuweza kutenganisha. Uliloweza kuondoa ni ile ndoto ya kupona kwa nusu ya muda.

Sasa tofauti na 2005. Kwanza, wiki 16 na mwaka mmoja si kipimo kimoja. Faida ya kuota nyama mapema huonekana ukichungulia mapema, na huweza kumezwa na miezi ya kusubiri ngozi ifunike. Pili, tiba ya kulinganisha imebadilika: bandeji za leo si zile za miaka 20 iliyopita. Tatu, katika baadhi ya majaribio kidonda kilichoshonwa au kuwekewa ngozi ya kupandikiza kilihesabiwa kuwa kimefunga. Daktari anayeona nyama nyekundu chini ya sponji huwahi kumpeleka mgonjwa kushonwa, na hapo mkono wa mshonaji unaingia kwenye hesabu ya mashine.

Kwa maoni yetu, kwa kidonda cha mguu kilichoachwa kijae chenyewe, usiwahi tena kumwahidi mgonjwa kwamba mashine itamponya haraka. Mwahidi inachofanya kwa uhakika: kubeba majimaji na kupunguza idadi ya kufungwa kwa wiki. Na usiyachukue matokeo ya mguu ukayapeleka kwenye tumbo. Mishipa ya damu ya mguu wa mwenye kisukari imebana, na hakuna sponji inayoizibua.

Idara yetu inataka kufanya jaribio lake la mashine dhidi ya bandeji. Tumepanga wagonjwa 60, tupime ukubwa wa kidonda baada ya wiki nne. Mna ushauri? – Mratibu wa utafiti

Acheni kwanza, kabla hamjaandika hata barua ya kuomba kibali cha maadili. Watu 60 na wiki nne watawapa jibu ambalo halitamsaidia mtu, na wagonjwa watakuwa wamesumbuka bure.

Anzeni na kipimo kikuu. Kidonda kupungua si kidonda kupona. Sponji huvuta kingo ndani kwa nguvu. Ukipima dakika chache baada ya kuivua, kidonda ni kidogo kuliko kitakavyokuwa jioni. Kipimo kinachomhusu mgonjwa ni siku ngapi mpaka apone kabisa, na "kupona" lazima kuandikwe: ngozi mpya imefunika kote, hakuna kigaga, hakuna majimaji, hakihitaji bandeji, na kimebaki hivyo kikiangaliwa tena baada ya wiki mbili.

Nani aamue? Mgonjwa na nesi watajua kundi lao, pampu haifichiki. Basi pigeni picha, zenye rula ya sentimita kando ya kidonda na namba ya siri badala ya jina, zisomwe na watu wawili wasiojua kundi, wakitofautiana aamue wa tatu. Angalizo: sponji huacha alama za vitundu kwenye nyama na chapa ya nailoni kwenye ngozi, kwa hiyo msomaji makini atagundua kundi kwa picha za mwanzo. Picha ya kuthibitisha uponaji, wiki mbili baadaye, haina alama hizo. Ndiyo itumike kuamua.

Idadi. Kwa kipimo cha muda hadi kupona, kinachohesabika ni wangapi wamepona, hata kama walioandikishwa ni wengi zaidi. Tuseme mnatafuta kasi ya kupona iliyozidi kwa asilimia 30, yaani uwiano wa 1.3, kwa makundi sawa na kiwango cha makosa cha asilimia 5, yaani nafasi ya kuona tofauti ambayo haipo. Ili kuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona, mnahitaji vidonda vilivyopona 456. Mkitaka nafasi ya asilimia 90, vinakuwa 611. Mkikadiria kwamba saba kati ya kumi watapona ndani ya mwaka na mmoja kati ya kumi atapotea njiani, basi 456 ugawe kwa 0.7, kisha kwa 0.9: andikisheni watu kama 725. Idara moja haiwezi. Unganeni na hospitali nyingine, au geuzeni swali: watu 60 wanatosha kujua kama wagonjwa wanakubali kugawanywa, kama sponji hubadilishwa kwa wakati, na wangapi wanarudi kliniki. Huo ni utafiti halali wa maandalizi, mradi usijidai kuwa jibu.

Kugawanya kufanywe na kompyuta iliyo nje ya wodi, baada ya mgonjwa kukubali na kuandikishwa. Msitumie siku za wiki, wala namba shufwa na witiri za faili. Nesi akijua mgonjwa ajaye anaangukia mashine, atampeleka yule mwenye kidonda kibaya, kwa nia njema kabisa, na jaribio limekwisha. Gawanyeni kwa mafungu ya ukubwa unaobadilika, mara wagonjwa 4 mara 6, nusu ya kila fungu ikienda kila upande, na mtenganishe kwa hospitali, mahali pa kidonda na ukubwa wake.

Kundi la kulinganisha ndilo majaribio mengi hulipuuzia. Mkiweka mashine ya kisasa dhidi ya gozi kavu inayobadilishwa mara moja kwa siku, mtashinda, na ushindi huo hautakuwa na maana. Waandikieni orodha ya bandeji zinazoruhusiwa, zinazohifadhi unyevu na zinazonyonya. Tena makundi yote yaonwe na nesi yuleyule kwa idadi ileile ya siku. Kundi moja likionwa na mtaalamu mara tatu kwa wiki na jingine mara moja, mliyempima ni nesi. Wagonjwa wote wa kisukari wapate viatu au vifaa vya kupunguzia uzito mguuni, wasiachwe wengine wakikanyagia kidonda.

Kuna watu watakaobadili kundi: mashine itaondolewa kwa maumivu, au wa bandeji atapewa mashine. Wahesabuni katika kundi walilogawiwa, na kando yake mwandike siku halisi za matumizi. Na kuhusu kukatwa mguu, sheria iandikwe mapema. Mguu uliokatwa hauna kidonda tena, lakini huyo hakupona. Kukatwa na kifo vichambuliwe kama matukio yanayoshindana na kupona, visichanganywe na "waliopotea". Kidonda kilichoshonwa au kupandikizwa ngozi kiandikwe peke yake, pamoja na vigezo vya kumpeleka mtu kushonwa vilivyokubaliwa kabla.

Ukubwa wa kidonda bado mtaupima, kama kipimo cha pili. Urefu mara upana ni rahisi, ila kwa kidonda chenye umbo la yai hesabu hiyo huzidi eneo halisi kwa asilimia 27 hivi. Karatasi ya nailoni angavu iliyochorwa ukingo kwa kalamu ni bora zaidi, mgonjwa akiwa mkao uleule kila mara, kabla ya kufungwa.

Wasioingia: wenye saratani ndani ya kidonda, maambukizi ya mfupa yasiyotibiwa, nyama mfu yenye gamba, fistula (njia isiyo ya kawaida inayounganisha kidonda na kiungo cha ndani) isiyochunguzwa, na mshipa wa damu, neva, kiungo cha ndani au muungo wa utumbo ulio wazi. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda si lazima wakataliwe, ila wapangiwe uangalizi wao. Kutokwa damu, vipande vya sponji vilivyosahaulika, maambukizi na maumivu wakati wa kubadilisha viandikwe kwa pande zote mbili. Sajilini jaribio kwenye rejista ya wazi kabla ya mgonjwa wa kwanza, kipimo kikuu kikiwa kimetajwa, ili kesho asitokee mtu wa kukibadili kwa sababu cha kwanza kimekataa.

Hatuna pampu maalumu. Je, tunaweza kutumia mashine ya kunyonya ya ukutani, sponji na nailoni? – Afisa tabibu

Watu wanafanya, na kanuni ni ileile. Tofauti iko kwenye usalama. Pampu maalumu hupiga kengele ikivuja, ikijaa au ikiziba. Ile ya ukutani inavuta tu. Mshipa ukipasuka, itavuta damu ya mgonjwa mpaka chupa ijae. Kama hamna njia nyingine: sponji iliyotakaswa, isiwe ya godoro, kidhibiti chenye geji inayosoma hata shinikizo la chini, kisizidi 125, chupa ndogo yenye alama za mililita, kwa sababu chupa ya lita mbili inaficha damu nyingi, na mtu wa kusoma geji na chupa kila saa, usiku pia. Mkikosa huyo mtu, fungeni gozi yenye unyevu na msiwe na wasiwasi. Matokeo ya Uingereza tuliyoyaeleza hapo juu yanawatetea.

Nimeruhusiwa kwenda nyumbani na pampu ya kubebea. Naweza kuizima nioge? Na nikiona damu kwenye mpira? – Mgonjwa

Kuoga unaweza, nailoni ikiwa imeshika vizuri. Zima, bana vibano vya mpira, chomoa, funika ncha, oga kwa kujimwagia bila kujilowesha kwenye beseni, kisha unganisha tena. Jumla ya kuzima kwa siku nzima isizidi saa mbili, hapo pakiwemo kuchaji kama betri imeisha. Pampu ikae chini ya usawa wa kidonda au sawa nacho. Kopo likikaribia kujaa, libadilishe kabla ya kulala.

Majimaji ya rangi ya waridi au mekundu hafifu siku ya kwanza baada ya kubadilishiwa sponji ni ya kawaida. Damu nyekundu iliyokoza inayokimbia kwenye mpira, au kopo linalojaa ghafla, si ya kawaida. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mashine hizi mwaka 2009 na tena 2011, na kufikia hiyo ya pili vifo 12 vilikuwa vimeripotiwa kwake tangu 2007. Kutokwa damu ndilo lililokuwa tatizo zito kuliko yote, na vingi vya vifo hivyo vilitokea nyumbani au kwenye vituo vya kulelea wagonjwa, mbali na chumba cha upasuaji. Kwa hiyo, ukiiona: zima pampu papo hapo, usivue sponji, kandamiza juu yake kwa kitambaa safi na kiganja kizima, lala, na mtu apige simu ya dharura huku wewe ukiendelea kukandamiza. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, jina la dawa na saa ya dozi ya mwisho viwe vimeandikwa na kubandikwa juu ya pampu yenyewe.